Dawa ya Bibiane na Bahati ya Ruffin

Kalemie, tarehe 6 mwezi wa tatu 2025

Shemeki Séraphine,

Kama kuna muntu mwenye bahati kunipita mimi katika Tanganyika yote, wamulete nimuangalie uso. Wanaume watano wametufyatulia risasi kwenye daraja la miti, mbele kidogo ya kufika Niemba, na mimi niko hapa nakuandikia, miguu ndani ya beseni ya maji moto, kichwa cha sangala kwenye sahani. Na dawa ya mudogo wako Bibiane imefika. Chupa zote mbili. Hata karatasi iliyobandikwa juu haikuchanika.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Antena ya hapa waliichoma mwezi uliopita. Na hata ingekuwa nzima, Bibiane analala hatua tatu kutoka pale ninapopigia simu, na ugonjwa wake haujafika kwenye masikio. Habari za daraja hazimufai. Kwa hiyo vumilia mwandiko. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alianza kuniogopa.

Sikiliza sasa. Ndege ya kwenu haitui tena Kalemie tangu mvua ilipokula uwanja, ikaacha boksi ya dawa Manono. Watu wakaniambia: Ruffin, ile njia ni makaburi, ngoja. Mimi ningoje? Mimi niliyeuza samaki Kigoma, Bujumbura na Mpulungu, niliyegombana na wanamaji wa nchi nne kwa lugha zao na kuwashinda kwa lugha tatu? Nikabeba glasieri yangu, lile sanduku la barafu la samaki, nikamuchukua Éliézer, jirani yangu, bwana ya Mama Louise, mwenye pikipiki inayopanda hata ukuta. Manono tukapokea boksi, nikaipanga kwenye barafu kwa ufundi wangu, tukarudi kwa njia ya Kiambi, siku moja na nusu ya vichochoro vya pori na matope mpaka magotini.

Pale darajani wakatoka kwenye matete. Bunduki mbili, mapanga matatu. Risasi ya kwanza ikamupata Éliézer chini ya sikio, akaanguka kama gunia la muhogo, hakusema neno. Ya pili ikapita kati ya kwapa langu na mbavu. Ya tatu niliisikia inaniimbia sikioni. Nikaona: huyu Mungu anataka nifike. Chefu wao akaniwekea mudomo wa bunduki kwenye koo, akauliza kama nina neno la mwisho. Nikamuambia: "Chefu, ukiniua, nani kati yenu atakwenda kumupa bibi yangu habari? Muchague yule asiye na watoto." Shemeki, alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza jina. Akawaambia wenzake kwamba tangu leo, muntu yeyote atakayefika daraja hili na kutaja jina la Ruffin, apite yeye na mizigo yake.

Éliézer nilimufunga nyuma yangu kwenye pikipiki na kamba ya wavu, nikamuleta kwa bibi yake. Tumemuzika. Mama Louise alinishika miguu kunishukuru kwa kutomuachia mafisi. Mungu amupokee.

Bibiane anakusalimia. Baada ya zile sindano mbili mulizomupa kule Lubumbashi, uvimbe wa titi ulikuwa umeshuka kutoka yai la bata mpaka karanga. Sasa umeanza kupanda tena, na kwapani umepata mwenzake. Dokta Casimir anasema: sindano hii ya tatu, halafu ya nne, halafu wanakata. Bila hizo hakuna cha kukata, ni kungoja kifo tu. Basi mwambie kifo kikae pembeni. Dawa iko hapa, baridi kama jiwe, ilikuwa inauma vidole.

Shemeki wako mwenye bahati,
Ruffin


Lubumbashi, tarehe 12 mwezi wa tatu 2025

Shemeki Ruffin,

Barua yako imenikuta kazini, nikaisomea chooni, mbali na wagonjwa. Nakushukuru. Hakuna mwanamume mwingine katika ukoo wetu ambaye angeingia ile njia kwa ajili ya Bibiane. Nimemlilia Éliézer pia, mtu ambaye simjui isipokuwa kwa barua yako. Na ndani ya barua hiyo umempa mistari michache kuliko uliyoupa mdomo wako.

Sasa niache nikuulize jambo, na usinijibu kwa mzaha. Umeandika "baridi kama jiwe". Maneno hayo yamenikaa kifuani. Juu ya boksi niliandika kwa kalamu nyekundu, kwa mkono wangu: digrii mbili hadi nane, ISIGANDE. Je, chupa ziligusana na barafu? Ulipozitoa, dawa ilikuwa inacheza ndani kama maji, au ilikuwa imesimama?

Nitakueleza wakati mwingine kwa nini dawa hii si kama kwinini au penisilini. Leo nakuomba kitu kimoja. Dokta Casimir asimchome Bibiane kabla ya kuinua chupa dirishani na kuiangalia kwenye mwanga. Inatakiwa iwe nyekundu, nyepesi, inayopitisha mwanga kama maji ya ngai-ngai, ile rozela. Akiona punje, au mashapo chini ya chupa, aiache. Mwambie ni mimi niliyesema. Tulisoma pamoja Kigoma wakati wa ukimbizi, ananijua.

Mkumbatie mdogo wangu, taratibu, upande usiouma.

Séraphine


Kalemie, tarehe 20 mwezi wa tatu 2025

Shemeki Séraphine, muganga wa waganga,

Unanifundisha mimi barafu? Nimelala juu ya barafu, nimeoa kwa barafu, mahari ya mudogo wako ilitoka kwenye barafu. Muntu wa Kalemie akitaka sangala afike Kabimba na macho yanang'aa kama bibi arusi, anamutafuta Ruffin. Na siri ya Ruffin nakupa wewe peke yako: chumvi. Barafu peke yake inalia machozi mpaka inakwisha. Ukiitilia chumvi inaacha kulia, inaanza kuuma. Wazungu wana mashine, mimi nina chumvi. Dawa ya mudogo wako ilisafiri kama samaki wa askofu.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Ilikuwa imelala kidogo tu. Tukaiamsha juani, ikaamka.

Sindano bado hawajamupiga, ni mambo ya usalama. Juzi bunduki zililia mutaani tangu asubuhi mpaka saa nane za muchana. Fundi wa baiskeli wa pale sokoni walimukata mukono juu ya meza yake mwenyewe, mbele ya wateja, kwa sababu alichelewa kuwapa pampu. Mukono ulianguka bado umeshika spana. Mimi niliuona, sikuambiwa. Hospitali imejaa watu wa vile, wamelala mpaka kwenye ngazi, na damu inashuka kutoka ngazi moja hadi nyingine kama maji ya mvua.

Kwa habari ya ngazi, Dokta Casimir ameanguka pale, amepoteza jino. Ngazi za serikali unazijua. Anakusalimia kwa mudomo uliovimba.

Bibiane anakula uji. Leo hana maneno mengi.

Shemeki wako,
Ruffin


Lubumbashi, tarehe 27 mwezi wa tatu 2025

Ruffin,

Kabla ya barua yako nilipokea karatasi kutoka kwa Casimir. Mwandiko wake umepinda kwa sababu kidole kimoja nacho umekivunja.

Ananiambia hivi. Jumatatu tarehe kumi na saba aliinua chupa ya kwanza dirishani, akaona mabonge chini yake, mekundu meusi, kama damu iliyolala. Ya pili vilevile. Akakuambia kwa upole kwamba dawa imekufa. Wewe ukafunga mlango kwa komeo. Ukamshika shingo, ukampiga mdomoni kwa kifuniko cha glasieri, mara ya kwanza, mara ya pili. Ukamtia sirinji mkononi na kumwambia avute dawa ile na amchome, la sivyo utamchoma wewe mwenyewe. Alikataa huku akimeza damu. Ukaanza kuvikunja vidole vyake kimoja kimoja. Na mdogo wangu, kifua kimefungwa bendeji, akatoka kitandani, akazichukua chupa zote mbili, akazipiga ukutani.

Ndizo ngazi za serikali.

Sasa utanisikiliza. Barafu yenye chumvi inashuka chini ya sifuri. Sangala hajali, kwa sababu sangala amekwisha kufa. Dawa ile ni vifuko vya mafuta, vidogo hivi kwamba ukivipanga mia tano kwa mstari havipiti unene wa unywele mmoja. Ndani ya kila kifuko zimo dawa mbili, zimepimwa kwa pamoja. Mishipa ya damu ya uvimbe imejengwa kwa haraka na vibaya, ina matundu. Vifuko vinapenya humo na kushusha mzigo. Dawa moja inazivunja seli, ya pili inazizuia zisijitengeneze upya. Wewe umevua ndagala. Taa ikienda peke yake, ndagala wanakusanyika halafu wanatawanyika. Wavu ukienda peke yake, unainua maji. Lazima taa na wavu vifike ndani ya mtumbwi mmoja, saa moja. Ilipoganda, barafu iligeuka visu ndani ya chupa na kupasua mitumbwi yote. Kilichobaki ni dawa mbili zilizo uchi, ambazo zingekwenda moja kwa moja kwenye moyo wa Bibiane. Ulivunja meno ya mtu aliyekuwa anakuzuia usimuue mkeo.

Nami nina neno ambalo sikukuambia. Dawa ile haikuwa ya hospitali. Kwenye kitanda cha jirani na Bibiane, alipokuwa hapa, alilala mama mmoja ambaye bwana wake, Papa Hippolyte, alimwagizia dawa kutoka ng'ambo. Mama yule alifariki akiwa na dozi mbili mbele yake. Papa Hippolyte alitoka mochwari akanitia boksi mbili mikononi, akasema: "Walau yule mwingine apone." Sikukuandikia kwa sababu najua watu wetu wanavyoogopa kitu cha marehemu. Boksi moja umeigandisha. Ya pili iko kwenye frigo yetu hapa, na baada ya hiyo hakuna nyingine; itabidi hiyo moja itoshe kabla ya kukata.

Sijui bado nitaituma kwa nani. Kwako, sijui.

Séraphine


Kalemie, tarehe 3 mwezi wa nne 2025

Shemeki,

Ndiyo. Yote aliyoandika Casimir ni kweli, na lile jino nililokuandikia mimi halikuwa moja. Yalikuwa mawili.

Iliganda. Niliijua tangu Niemba, nilipofungua kifuniko nikaona chupa zimeshikana na barafu, ikabidi nizibandue kwa kisu. Nikasema moyoni: samaki anaganda na anayeyuka na watu wanakula wanalamba vidole, seuze dawa ya Wazungu. Sikujua habari ya mitumbwi. Barua yako nimeisoma mara nne, ile sehemu ya taa na wavu. Kama mwalimu wangu angefundisha vile, leo ningekuwa waziri.

Nilikwenda kwa Casimir na samaki kuhe wanne wakubwa wa kuomba musamaha. Kaka yake mukubwa alinikuta kwenye lango, akanitandika kwa mupini wa jembe, mugongo, magoti, mugongo tena. Sikuinua mukono. Alipochoka nikamuuliza kama anataka maji. Siku ya pili Casimir mwenyewe akaja kumubadilishia Bibiane bendeji, mudomo umeshonwa, akapita karibu yangu kama anapita karibu na kiti. Ule uvimbe umepasuka, umekuwa kidonda, shemeki. Kinatoa harufu. Casimir anasema tukichelewa kupita mwisho wa mwezi huu, hata wewe ukija na dawa ya malaika, haitafaa.

Bibiane hajanisemesha siku kumi na saba. Akitaka maji anamuambia Mama Louise, Mama Louise ananiambia mimi, na mimi nimesimama palepale nimesikia. Mama Louise huyu, mujane wa Éliézer, njo anamuosha kila asubuhi, anamukanda, anafua vitambaa vya damu. Anasema ni deni lake kwangu kwa sababu ya ule mwili niliomuletea. Namuambia aache, haachi.

Basi nimekiri. Ruffin wa barafu ni mujinga, Ruffin wa ngumi ni munyama. Lakini ya daraja usiitupe kwenye kapu moja na haya. Ile bahati iko palepale. Watu wa pori wananijua, jina langu linafungua njia, na hicho ni kitu kimoja ambacho sijakiharibu. Ukituma ile boksi ya pili, usihofu njia. Mwenye kuileta ataje tu Ruffin wa Kalemie.

Shemeki wako aliyepigwa vizuri,
Ruffin


Manono, tarehe 7 mwezi wa nne 2025

Ruffin,

Nimeomba ruhusa kazini na nimekuja mwenyewe. Boksi iko kwenye frigo ya sola ya kituo cha afya hapa, pamoja na kipimo kidogo kinachoandika digrii kila baada ya dakika kumi. Simwachii mtu tena.

Msafara wa lori za jeshi unakwenda kwenu leo, lakini umebeba maiti za askari, na kwenye lori zenye maiti hawapakii raia. Dereva mmoja, Lambert, mwenye huruma, amekubali kubeba barua hii. Anasema watarudi hapa tarehe kumi na mbili, na watakwenda tena Kalemie tarehe ishirini na mbili. Mara hiyo wataweza kunichukua. Siku kumi na tano. Kidonda kama ulivyokieleza hakitangoja siku kumi na tano, nimeviona vingi.

Kwa hiyo nimepata pikipiki. Naondoka Jumapili ya Matawi baada ya misa, tarehe kumi na tatu. Mwenye pikipiki alikuwa amekataa kabisa, kwa sababu wiki jana walikuta vichwa viwili vimepangwa juu ya lile daraja, kimoja cha mwanamke. Nikamsomea barua yako, pale chefu anapocheka mpaka anakaa chini. Nikamwambia huyu Ruffin ni shemeki yangu, nitataja jina lake. Amekubali.

Nimekukasirikia mwezi mzima, na bado. Lakini mzaha wako mmoja umefanya kazi, na kwa huo nitapita.

Mwambie mdogo wangu ninakuja.

Séraphine


Kalemie, tarehe 10 mwezi wa nne 2025

Séraphine,

Usipande ile pikipiki. Kama huna nafasi ya kusoma yote, soma hapo tu. Usipande, na huyo mwenye pikipiki naye asiende.

Lambert amewasha injini, naandika juu ya boneti. Ameniapia atakuwa Manono keshokutwa, tarehe kumi na mbili, kabla ya Jumapili yako.

Jana nilimusomea Bibiane barua yako. Mama Louise alikuwa anamukanda mugongo. Nilipofika pale unaposema utataja jina langu, Mama Louise akatikisa kichwa, akasema pole pole: "Hata Éliézer angekuwa hai, kama angejua kuchekesha watu." Nikatoka nje, barua bado mukononi.

Nakuambia jinsi ilivyokuwa. Hawakupiga risasi hata moja. Walitupigisha magoti juu ya miti ya daraja, mimi na Éliézer, bega kwa bega. Waliitaka glasieri, walifikiri tumebeba mawe ya madini ya Manono. Chefu akaifungua, akatoa chupa moja, akainyoosha juu ya maji, tayari kuiachia. Nikalia. Nikamuambia ni dawa ya bibi yangu, iko peke yake duniani. Akasema: "Basi nipe kitu kingine." Mifuko walikuwa wamekwisha kuimaliza, sikuwa na kitu. Na huu mudomo wangu, ambao ninausifia kila siku, ukafunguka wenyewe. Nikasema: "Ndugu ya huyu ni askari."

Éliézer mwenyewe alikuwa amenipa siri hiyo kule Kiambi, tukila muhogo. Aliniambia niifiche, kwa sababu ile njia askari wanachinjwa wao na jamaa zao.

Alinigeukia. Hakukasirika, njo kitu kinachoniua. Alisema: "Papa Ruffin, waambie unachezaka tu. Waambie, wewe si unachezaka na kila muntu?" Hapo njo walicheka, Séraphine. Walimucheka yeye. Halafu wakaanza na mapanga, watatu, na hawakuwa na haraka. Walianza na mikono kwa sababu aliinua mikono. Aliniita jina mara tatu. Mimi nilikuwa nimekumbatia glasieri kwenye mapaja, nimefumba macho, lakini masikio hayana kifuniko. Walipomaliza, chefu akairudisha ile chupa kwenye barafu na vidole vyenye damu, akafunga kifuniko vizuri, kama muuza duka. Jina langu hakuniuliza. Hakuna muntu pale anayejua kama kuna Ruffin. Ukilitaja, watakuuliza Ruffin ni nani, na kichwa chako kitapangwa na vile viwili.

Halafu nikamufunga mugongoni kwangu na kumuleta. Njiani alikuwa mwepesi kuliko nilivyomujua, na kila shimo kichwa chake kilinigonga hapa kwenye shingo. Niemba nikasimama, nikaona barafu imepungua kidogo, nikaogopa: kama dawa ikiharibika, huyu amekufa bule. Nikanunua kilo mbili za chumvi, nikamwaga zote. Mengine unayajua.

Nimemuambia Bibiane yote, jana jioni, mbele ya kuandika. Hakulia. Amenisemesha kwa mara ya kwanza tangu zile chupa zipasuke. Alisema: "Muandikie dada yangu angoje lori. Mimi nitangoja. Sitaki dawa yangu ipite tena pale." Casimir nimemuuliza asubuhi hii. Anasema tarehe ishirini na nne ni mwisho kabisa wa kamba, lakini bado ni kamba, atasafisha kidonda mara mbili kwa siku. Lambert atakupakia tarehe ishirini na mbili, nimesema na mukubwa wake, nimemupigia magoti mbele ya askari wote. Kaa karibu na frigo. Wewe ukifa darajani, Bibiane anakufa pia, na mimi nitakuwa nimewaua watatu kwa mudomo mumoja.

Mama Louise aliona vidonda vya mapanga, lakini bado hajui nani aliviita. Lori hii ikiondoka, naenda kwake, kabla miguu yangu haijabadili mawazo. Kama atanipeleka kwa ndugu ya Éliézer, yule askari, anipeleke. Boksi usimukabidhi muntu wa kwangu, muite Casimir mwenyewe aipokee.

Lambert anapiga honi. Nakuandikia kwa herufi kubwa usije ukasema mwandiko ni mubaya.

HAKUKUWA NA BAHATI. NILIWAPA ÉLIÉZER.

Ruffin